Darubini ya Kukuona Kibanjani

Mama Rwegasira,

Mkono umechoka, sitaandika mengi. Tangu tulipokuzika nyumbani, miguu yangu imekataa. Wamenileta kwenye zahanati ya misheni, huku kilimani Muleba. Nikikaa barazani naona kibanja chetu ng'ambo ya bonde, lakini naona migomba tu. Kaburi lako silioni.

Ndiyo maana nilinunua darubini, ile ya macho mawili. Nesi nilimwambia ni ya kutazama ndege.

Mwana wetu aliponipeleka Bukoba kwa daktari wa macho, nilimwomba anipitishe dukani kwa Mzee Salim. Nikafanya wanavyofanya wote pale: nikasimama mlangoni, nikaielekeza ziwani. Nikachagua iliyo kali kuliko zote. Ilinionyesha hata nguo zilizoanikwa melini. Mzee Salim akacheka, "Mwalimu, na hiyo utaona mpaka Uganda!" Ungekuwepo ungesema kama siku zote, "Uganda ataiona. Chungu kinachoungua jikoni hakioni."

Na ndivyo ilivyokuwa niliporudi hapa barazani. Ziwani kuna mwanga. Chini ya migomba yako ni giza. Tena darubini kali hukuza hata mtetemeko wa mikono. Niliona weusi unaocheza, basi. Nililia, Mama Rwegasira. Nakiri kwako tu. Nikawaza hata kuagiza migomba ikatwe, ile uliyoipanda mwenyewe.

Rwegasira akairudisha dukani. Mzee Salim, Mungu ambariki, akambadilishia kwa nyingine, iliyoachwa na Bwana Shauri mmoja, mkuu wa wilaya enzi za mkoloni, alipokuwa anarudi kwao Uingereza. Haivuti mbali sana, lakini vioo vyake vya mbele ni vipana, vinakusanya mwanga. Nikafumba jicho la kulia, nikazungusha pete ya kushoto mpaka ukungu ukatoka. Kisha nikafanya hivyo kwa jicho la kulia, lile bovu. Nikaegemeza viwiko kwenye ukuta wa baraza.

Nikakuona.

Wamekutandazia nyasi mbichi, kama ulivyokuwa ukitandaza sebuleni mgeni akitarajiwa. Na ubavuni pako wamekwisha kupalilia mahali, papana kiasi cha kitanda. Rwegasira hakuniambia. Nami sitamwuliza.

Kwaheri kwa sasa, mke wangu. Nimechoka, lakini sina hofu tena. Migomba yako haitakatwa, nakuahidi. Nitakuja kulala kwenye kivuli hicho hicho. Nafasi nimeiona, inanitosha.

Mumeo