Sauti ya Kaari Kabla ya Jumanne

Alhamisi, 8 Oktoba 1998

Tumemaliza! Nyimbo zote za Kaari zimo ndani ya kompyuta—sauti yake kwenye mstari wake, gitaa kwenye wake, kinanda kwenye wake. Siku ya Jumanne Kaari, mke wangu, anakatwa uvimbe wa shingoni. Daktari alitueleza wazi: kuna mshipa wa sauti unapita karibu, ukiguswa, sauti inaweza kubadilika. Au iende kabisa. Kaari aliitikia kama anayetajiwa bei ya viazi. Mimi ndiye niliyetoka nje nikasimama.

Kwaya ya kina mama wa Wang'uru inakuja kurekodi Jumamosi, na kompyuta imejaa pomoni. Lazima kesho nizitoe nyimbo za Kaari, kila wimbo uwe faili moja kamili, halafu nifute mistari nipate nafasi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimezitoa. Sauti nimeipandisha hadi mwisho, kama kawaida—wimbo usiopiga kelele hauuziki Nyeri! Theuri muuza kaseti ana ile spika ya bati juu ya kibanda chake pale sokoni, na mteja hununua kinachomfikia akiwa mbali. Taa nyekundu za kuonya ziliwaka kwenye skrini. Huwa zinawaka.

Nikampelekea Theuri kaseti tujaribu. Watu wakageuka. Mama mmoja akaweka kabichi zake chini asikilize. Theuri akasema hii itauza mpaka Mweiga. Nimerudi nyumbani Gatitu nikafuta mistari yote. Roho imetulia.

Jumamosi, 10 Oktoba

Kina mama wa Wang'uru wamekuja na mchele wa pishori. Wameimba vizuri. Nimechoka.

Jumapili, 11 Oktoba

Mungu wangu.

Baada ya kanisa nilivaa hedfoni nisikilize nyimbo za Kaari kwa utulivu. Kila anapopanda juu, sauti inakwaruza, kama mwiko kwenye sufuria iliyoungua. Nikabadilisha hedfoni. Nikateremsha sauti—inakwaruza vile vile, kwa upole tu! Nilipozitoa, sauti ilikuwa ya juu kuliko faili inavyoweza kubeba, na kompyuta ikazikata sehemu za juu. Kilichokatwa hakirudi. Sokoni sikugundua kitu kwa sababu spika ya Theuri hukwaruza hata mtu akikohoa.

Nikampigia simu Kihara, aliyenifundisha kazi hii. Akaniuliza kama nimerekodi chochote tangu nifute. Nikamwambia kina mama wa Wang'uru. Akasema pole, kwaya imeshaandikwa juu ya mistari niliyofuta. Basi. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Nilidhani Kaari yuko jikoni. Kumbe yuko mlangoni, anataka kusikia. Ningemnyima vipi? Akasikiliza wimbo mzima, mkono shingoni. Akavua hedfoni.

"Baba Kinyua, kumbe sauti ilikuwa imeanza kuisha. Hapo juu nimeshindwa kabisa. Wakate tu hiyo kitu."

Akarudi kumenya viazi. Sikumwambia ukweli. Ni woga, sina jina lingine la kuuita.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimemwambia!

Leo anaingia wodini. Ngatia, kaka yangu, yuko nje na pikapu. Kaari alikuwa anapanga nguo kwenye mkoba. Nikasema si koo lako, ni mimi. Niliipandisha isikike sokoni, nikaiharibu, kisha nikafuta zile nzuri. Nilitarajia kelele. Akaketi kitandani.

"Ati umeniacha nilale jana nikijua ni mimi?"

Hilo lilinichoma kuliko tusi. Nikaomba msamaha. Akausukuma ule mkoba kando.

"Washa hiyo mashine."

Gitaa hakuna, kinanda hakuna—hakuna wakati wa kumwita mtu. Ni yeye tu. Nafasi iliyobaki kwenye kompyuta inamtosha. Nimemsogeza mbali kidogo na maikrofoni na kuteremsha kila kitu, taa zote kijani. Ikitoka ndogo, iwe ndogo. Theuri atajijua.

Wimbo wa kwanza umetoka safi. Safi! Wa pili, alipofika pale juu, akakata. Ameacha kuimba mwenyewe, katikati ya neno. Sasa anakunywa maji moto, ndiyo maana napata nafasi ya kuandika. Nimemuuliza kama inauma. Amesema haiumi, anaogopa. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Ngatia anabisha hodi. Anasema hospitali wanamtaka kabla ya saa sita. Kaari amemjibu, kwa heshima, angoje.

Amerudi mbele ya maikrofoni, amefungua kifungo cha kola. Anasema turudie kuanzia pale pale juu, na nisimwangalie. Naweka kalamu, nawasha—