Majoho Ishirini na Matatu Madogo

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili.

Mimi ni mtengenezaji wa tovuti, na mwaka huu nilimtengenezea shangazi yangu Evaresta, fundi cherehani wa Moshono, duka la mtandaoni la majoho ya kwaya, picha zikang'aa hadi nikajisifu, na mteja wa kwanza akawa Mzee Sadoki, mwalimu wa kwaya yetu kule juu upande wa Nkoaranga, aliyeagiza majoho ishirini na manne kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, lakini yalipofika, ishirini na matatu yalikuwa ya saizi ndogo, Mama Tabea akavaa lake mikono ikaishia kwenye viwiko, akauliza, "Mwalimu, hili ni la ubatizo?" na watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Shangazi alipopigiwa simu alisema, "Mashine haikosei, huyo mzee wenu amebonyezabonyeza tu," nao viongozi wa kwaya wakaamua mzee apumzike, Jumapili akabidhi kazi, naye akanigeukia mbele ya wote akaniuliza, "Elifuraha mwanangu, wewe ndiwe msomi wa mambo haya, nilikosea wapi?" nami nikamjibu, "Ni kawaida mzee, wengi hukosea," kisha nilipofika nyumbani nikajaribu mwenyewe nikaona kwamba kila ukiongeza joho jingine, saizi ulizochagua mwanzo zinarudi kuwa ndogo, na sasa naogopa kusema kwa sababu shangazi ndiye aliyenisomesha na nitampotezea wateja. Nifanye nini?

Elifuraha, Moshono

JIBU

Elifuraha, marahaba. Kila fundi huharibu kitambaa siku moja, na kwa hilo sikulaumu. Lakini mtu mzima alikuuliza swali la kweli, nawe ukampa jibu la kumnyamazisha. Hiyo ni dhambi yako.

Unakitaja kioo kilichopasuka kana kwamba ni kosa la mzee. Wateja wa shangazi yako wanatumia simu za namna gani? Bila shaka ulijaribu duka lako kwa kompyuta nzuri, ukaagiza joho moja, ukaridhika. Nani huagiza joho moja la kwaya?

Leo hii panda kwa Mzee Sadoki, umwambie kwa kinywa chako, si kwa ujumbe wa simu. Ukitoka huko nenda kwa shangazi. Atafoka, mwache afoke, kisha muombe ayapokee majoho yarekebishwe. Jumamosi, kwenye mazoezi, simama mbele ya wale wale waliocheka ulitaje kosa lako. Jina lililoharibiwa hadharani halitengenezwi sebuleni.

Kazi yenyewe iandike upya. Saizi isijichague. Mteja aweze kuandika jina la kila mwimbaji na saizi yake katika orodha moja, na kabla ya kutuma asomewe yote aliyoagiza. Ukimaliza, muombe mzee, kama atakubali, aagize tena kwa simu yake ile ile. Kaa kando yake, mikono magotini, usimwelekeze. Pale atakaposita, hapo ndipo kazi yako ni mbovu.

Lakini kabla hujavaa viatu vya kwenda huko juu, lifunge duka hilo. Kila saa linapokuwa wazi, huenda kuna mtu mwingine anayeitwa mjinga kwa kosa lako.