Neno la Zizini

Mwankoko, Singida
16 Juni 2024

Kaka Edward,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto mnaendelea vizuri, na kile kifua kimepona, maana mara ya mwisho ulikohoa hadi nikakuonea huruma. Sisi huku hatujambo. Alizeti imekubali mwaka huu, ila baridi imetukalia, tunashinda na makoti.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Simu yako hapo kambini inapokelewa na yeyote aliye karibu, na wewe una tabia ya kuweka spika. Haya ninayoandika mdogo wetu Gaspari asiyasikie hata kwa mdomo wa wenzake. Nimempa Rahma wa duka la vitenge akuletee, na bahasha nimeigundisha mwenyewe. Ukiona imefunguliwa, niambie.

Uliniomba nikuambie ukweli, kabla hujasaini pambano la Agosti, kama mdogo wetu bado ni bondia au tunajidanganya. Kaka, mikono kama ile sijaiona kwa mwingine. Ni mtu wa uzito wa juu, lakini miguu anaichezesha kama wale wembamba. Alipokuwa anapigana hapa mjini, aliyetoka nje kununua soda alikuta pambano limeshakwisha. Akaja kwako Dodoma, tukasema mkanda wa taifa ni wetu. Mkanda haujaja. Kila pambano kubwa linakwenda vilevile: anaongoza, mwenzake analegea, wanakumbatiana, halafu Gaspari anashusha mikono na kugeuza uso kama ameitwa. Anapigwa hapohapo. Aliyekuwa anakaribia kuanguka ndiye anayeinuliwa mkono na refa.

Huku maneno ni mengi. Baba mdogo Laurenti anasema karogwa. Vijana wa stendi wanasema anauza mapambano, na mimi, nisikufiche, nilikuwa upande wa vijana wa stendi. Mnaniita polisi tangu utotoni, basi nikawa polisi kweli. Alipokuja Krismasi nilipekua begi lake, nikakagua hata viatu kama ni vipya. Vilikuwa vimetoboka.

Ndipo nikaja Dodoma Februari, ukanipa kiti karibu kabisa na ulingo. Yule mtu wa Tanga alikuwa amekwisha, macho yamemtoka. Akamkumbatia Gaspari, akamsemea sikioni, na mimi nikasikia. Alisema, "Wamerudi." Gaspari akashusha mikono.

Wewe unalijua neno hilo. Tulipopigana uani, marehemu mama hakuhangaika kutuamulia. Alisema tu "wamerudi", yaani ng'ombe wamefika, na kila mmoja aliacha alichoshika akakimbilia zizi, kwa sababu baba akikuta mifugo imesimama nje hakuuliza nani kaanza. Sasa mtu wa Tanga kalitoa wapi neno la nyumbani kwetu? Waliobaki hai wanaolijua ni sisi watatu. Mimi sikumwambia mtu. Gaspari nilijua hawezi kujichongea mwenyewe. Nikabaki na wewe, kocha wake. Ndiyo maana tangu Februari nilikuwa sipokei simu zako, nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzima. Nilikuwa nakuona mwizi, kaka, na usiku nilikuwa nakuombea kwa hasira.

Wiki iliyopita Gaspari alikuja kutusaidia kupiga alizeti. Nikamwacha akolee na kazi, nikasimama nyuma yake, nikasema taratibu, "Wamerudi." Fimbo ikamdondoka, akageuka kuangalia zizi. Zizi lenyewe halina ng'ombe tangu baba afariki. Hapo nikamuuliza waziwazi kama ni wewe uliyemuuza. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Akaniambia hakuna aliyemuuza. Yeye mwenyewe ndiye anayewapa. Siku ya kupima uzito anamvuta mpinzani pembeni na kumwambia kwamba akizidiwa aseme neno hilo, na yeye ataacha. Nikamwambia wanalitumia kumpiga. Akasema anajua, lakini yuko atakayelisema kwa kweli, na yeye hana namna ya kumtambua.

Sababu ni Antipasi. Unamkumbuka, yule wa Mkiwa aliyekuwa akifanya naye mazoezi kabla hujamchukua, aliyeanguka hadi leo anaburuta mguu na ulimi wake ni mzito. Gaspari anasema kabla hajaanguka walikumbatiana, na Antipasi akamwambia kitu akiwa na kinga ya meno mdomoni. Hakukielewa. Akapiga. Tangu siku hiyo anataka kila mtu awe na neno ambalo yeye atalisikia bila kukosea. Nikamuuliza kama amewahi kumuuliza Antipasi alisema nini. Alisema kila akija nyumbani anashuka Mkiwa, anakaa naye kwenye vitunguu vyake pale barabarani, lakini kuuliza hajathubutu.

Mimi nilithubutu. Juzi nimepanda basi hadi Mkiwa. Antipasi alichukua muda kuyapanga maneno, halafu akacheka. Anasema alimwambia Gaspari, "Ndiyo hizo tu?" Alikuwa anamtania kwamba ngumi zake si kitu.

Sijui kama nimwamini. Alipokuwa anasema alikuwa anapanga vitunguu vilivyokuwa vimeshapangwa, na mama yake alinitazama kidogo akaingia ndani. Mtu mwenye moyo ule anaweza kudanganya ili rafiki yake apumue.

Gaspari sijamwambia. Ukimwambia wewe, hatawapa tena neno, na mkanda utauona. Lakini huyo wa Agosti naye atakumbatia, naye ana kinga ya meno. Ninaogopa, kaka. Nakuomba usisaini. Na kama lazima usaini, mwache apande na neno lake, apigwe, arudi kwetu akiwa yule yule.

Unisamehe kwa kukushuku. Nimeandika ili usinione uso.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi amewawekea karanga. Gaspari atapanda basi Jumatatu, umpokee, na lile neno usilitamke nyuma yake hata kwa utani. Antipasi alinituma nimfikishie Gaspari salamu zake nyingi. Bado ninazo.

Ni mimi mdogo wako,
Jesca