Ngamia wa Guyo

Jumanne

Nimechoka, na sasa itabidi niandike upya. Leo nimemsomea Baba hadithi yangu ya majini na wafalme, pale Guyo anapoacha ngamia wake na kumfuata shujaa miaka kumi bila kuuliza chochote. Nilijua atampenda. Baba mwenyewe alimfuata rafiki yake mfanyabiashara wa mifugo mnada hadi mnada, Isiolo mpaka Moyale, utoto wangu wote, akituacha nyumbani na Mama.

"Huyo ndiye rafiki wa kweli," akasema Baba.

Mama alikuwa anachuja chai. Hakuinua kichwa.

"Na ngamia wa huyo Guyo, nani alikuwa anawapeleka kisimani?"

Baba akamtazama Mama. Mimi nikapekua daftari langu. Nimeandika kurasa mia mbili, na sijampa Guyo hata mke.