Lenzi Nzuri Mno

Kaka Gaspar,

Shikamoo. Nakusihi haya yaishie kwako, hata mama asiyasikie.

Darubini uliyonituma nikuchagulie niliipata: ya lenzi tatu, isiyozungushia nyota rangi ya zambarau kwenye picha. Mimi na karani mwenzangu Badru tuliijaribu mchana pale kwangu Chanika, tukailenga kwenye tangi la maji la jirani. Chini ya tangi kuna bafu lisilo na paa.

"Mnachungulia wake zetu, mbwa nyie!"

Jirani alikuja na wenzake, wameshika nondo. Badru akacheka, "Braza, chungulia mwenyewe, ni tangi tu!"

Akachungulia. Lenzi ni nzuri mno, kaka. Aliiona kanga ya mkewe ukutani mwa bafu, hadi maandishi yake. Akampiga Badru nondo ya mdomo, wengine wakamshindilia kwa miguu ya darubini mpaka akanyamaza. Hajafumbua macho hadi leo. Mie niliruka ukuta, na wananitafuta.

Usinipigie, simu yangu wanayo. Nipo Tabata kwa Auleria, yule wa kwaya. Utakayemtuma kunichukua agonge dirisha la nyuma, ataje nyota ulizotaka kuzipiga picha. Asiposema Kilimia, sifungui.

Mdogo wako,
Eliaichi