Chujio la Paa la Shule

Oued Sfaya, mwishoni mwa Juni

Mdogo wangu Lotfi,

Salamu nyingi zikufikie huko Marseille, zikukute mzima, umelala vya kutosha na umekula chakula chenye ladha. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kikohozi, ambacho katika mji huu hakihesabiwi kuwa ugonjwa. Baba yupo, ingawa anakula kidogo. Harisa ya pilipili uliyoagiza imeshasagwa. Jirani yetu Khalti Mabrouka aliitia kitunguu saumu mpaka chupa inanuka kwa nje. Anakusalimu, na anauliza utaoa lini.

Nina habari ndefu na nina hasira, basi usishangae kalamu ikikwaruza karatasi.

Hatimaye kamati ya mkoa ilikubali tupime hewa juu ya paa la shule, ile shule inayopakana na ukuta wa kiwanda cha tindikali, na ambayo Baba ni mlinzi wa lango lake. Vumbi likizidi kiwango, lile bomba la zamani la moshi lizimwe mpaka liwekewe kisafishaji. Kazi hiyo ilipewa maabara yetu, yaani mimi. Khalti Mabrouka aliponiona napandisha mtambo ngazini alinibusu mikono. Mjukuu wake Ghassen analala ameketi, kama alivyolala Mama mwaka wake wa mwisho.

Kabla hata sijawasha pampu ya kuvutia hewa, Bwana Naceur, meneja wa kiwanda, akaja maabara na manukato yake akitaka vumbi tulinase kwa machujio ya karatasi. Eti ndiyo yaliyozoeleka. Nilimweleza, ingawa alijua kunishinda, kwamba karatasi hunywa unyevu wa bahari na huliwa na tindikali. Ukiishika kwa kibano inabomoka, na ukiiweka kwenye mizani haikuambii la maana. Mimi nilikuwa nimeomba machujio ya Tefloni kutoka chuo kikuu cha Tunis, ya jamii ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika. Tindikali haiyagusi. Kinachotua juu yake hukaa mpaka kipimwe. Akacheka mbele ya wenzangu, akasema Bibi Rafika anataka kukaanga mayai juu ya paa. Nami nikamjibu kwamba mayai hayahitaji moto, moshi wake unatosha.

Nilishinda, nikayaweka. Lotfi, yakatoka meupe! Wiki nzima, kila chujio nililolitoa lilikuwa jeupe kama unga, na uzito wake haukusogea. Bwana Naceur alizunguka mikahawani akiwaambia watu kwamba hewa yetu ni bora kuliko ya Uswisi na kwamba binti wa Beshir mlinzi ana kinyongo cha kifo cha mamake. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu nikinunua mkate. Khalti Mabrouka hakunisema, ila aliacha kuniita ndani ninywe chai, na hilo liliniuma zaidi.

Niliikagua pampu, nzima. Nikaikagua mizani, nzima. Nilikaribia kuamini kwamba mimi ndiye kichaa. Kisha siku moja, nikilitoa chujio, nikaona uzi wa buluu umenasa kwenye mdomo wa mtambo. Uzi wa pamba. Juu ya paa la shule hakuna anayefuma.

Siku iliyofuata sikwenda saa yangu ya kawaida. Nilikwenda mchana, mji wote umejilaza, saa ambayo kiwanda hufungulia moshi wake kwa kuwa hakuna wa kutazama. Nilipanda ngazi polepole. Kichwa cha mtambo kilikuwa kimefungwa kitambaa, kikabanwa kwa kamba kama mtungi wa siagi. Pampu ilikuwa inavuta, ndiyo, ila vumbi lote lilikuwa linaishia kwenye kitambaa. Na kando yake, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, alikuwa ameketi Baba.

Nilipiga kelele, Mungu anisamehe. Nilimwambia kwamba Mama alikufa akitafuta pumzi, na sasa yeye anawaziba pumzi watoto wa watu. Hakujitetea. Alisema tu kwamba Bwana Naceur amemwahidi nafasi ya uhandisi kwa ajili yako, mradi kiwanda kisiguswe. Alisema, “Mwanangu ana shahada na anaosha sahani za watu. Nilitaka arudi nimwone kabla sijafa, binti yangu. Basi.”

Nikakifungua kitambaa kwa hasira, nacho kikachanika mikononi mwangu kama mkate uliolowa. Kilikuwa fouta ya Mama, lile shuka nene la pamba lenye mistari ya buluu, ambalo Baba hujifunika nalo kibandani pake langoni. Tindikali ilikuwa imeila matundu matundu. Baba aliichukua, akapitisha mkono katikati, akauangalia mkono wake upande wa pili. Kisha akaikunja, akashuka nayo ngazi.

Kamati ilipokaa, ndiye aliyesimama wa kwanza. Mlinzi wa lango, mbele ya gavana. Aliitandaza fouta mezani akasema, “Mimi ndiye niliyefunika. Tazameni kilichoila nguo ya marehemu mke wangu, halafu mwende mkasikilize vifua vya watoto.” Bwana Naceur akaropoka kwamba mzee amechanganyikiwa. Kamati ikaamuru tupime upya mbele ya macho yao, bila kitambaa. Chujio likatoka la kijivu na manjano, na tindikali haikulitoboa hata tundu la sindano. Bomba limezimwa. Baba amefukuzwa kazi.

Sasa nije kwako. Nimekusalimu vizuri tangu juu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Lakini siku ile kwenye kamati Bwana Naceur, alipoona mambo yamemharibikia, alisema kwamba ni wewe uliyempigia simu kuomba ile nafasi, na ni wewe uliyemwambia amtumie Baba. Nikasema ni mwongo. Nilikutetea mbele ya watu, Lotfi! Tulipofika nyumbani nikamuuliza Baba. Akalia. Akasema alipokataa mara ya kwanza ulimpigia wewe mwenyewe, ukamwambia, “Ni kitambaa tu, Baba. Hakimuui mtu.”

Yeye amekusamehe, na ananiomba nisikwambie kwamba nimejua. Mimi bado. Ukitaka kurudi, rudi. Mlango ni wa Baba, siwezi kuufunga. Ila utapita kwanza kwa Khalti Mabrouka, umwambie kwa kinywa chako, na Ghassen awe ameketi hapo anakusikiliza.

Baba anakusalimu kwa mapenzi yote, na anasema uvae koti asubuhi. Khalti naye anakusalimu, kwa kuwa hajajua bado. Harisa nitaituma na msafiri wa kwanza atakayepatikana.

Humu ndani ya bahasha nimekutilia kipande cha fouta ya Mama. Kishike taratibu, kinabomoka. Ni kitambaa tu.

Dada yako,
Rafika