Ng'ombe wa Mahari na Lambo la Baba

Ulemo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo zako zimefika. Tu wazima, na baba yako, mwanangu asiye na mfano hapa kijijini, ameshapaua nyumba. Mimi tu situlii, kila mara nainuka kutazama mto.

Unauliza kwa nini nawakatalia majirani kuuziba. Wakati wa Mwingereza, baba yangu aliuziba kwa udongo, akapata lambo la kujivunia. Babu yako, wakati huo mchumba wangu, aliishi kijiji cha chini, mto unakoelekea. Akaja, miguu vumbi tupu.

"Baba mkwe, visima vyetu vya mchangani vimekauka. Ng'ombe wa mahari hawatafika."

"Si uwanyweshe!"

Mama akadakia kutoka jikoni, "Kwa maji gani, na wewe umeyakalia yote?"

Baba akanuna, kisha akabeba jembe, akafungua upande mmoja. Lambo likapungua, visima vya kule vikarudi, nami nikaolewa kwa ng'ombe wanono kuliko wa msichana yeyote.

Kesho naenda tena kwa hao majirani. Binti yao ana mchumba kule chini, nimeshaulizia.

Bibi yako anayekupenda